Mjomba alipotambaa uani

Dada yangu alipopiga simu kutoka Mwanza kusema anakuja Tanga na pacha wake likizo ya Desemba, Mama alianza kuwaza uji, vitanda na vyandarua. Mjomba aliwaza kisima.

Ilikuwa mwaka 2013. Kulwa na Doto walikuwa hawajatimiza miaka miwili, wamejua kutembea lakini kusimama hawajui. Nyumba yetu iko Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mlango wa nyuma unaokutoa uani. Maisha yetu hasa yako huko uani. Huko kuna jiko, kamba za kuanikia, banda la kuku, mnazi mmoja ulioinamia kwa jirani, na kisima alichochimba babu kabla Mama hajazaliwa. Bomba la mtaa likikauka, majirani wote huja na ndoo zao, wanapiga hodi kwa adabu tu huku wameshaingia.

Mjomba ni kaka yake Mama. Alistaafu bandarini, alikokuwa akisimamia vibarua wa kupakia na kupakua, na kazi ile ilimwachia tabia ya kukishuku kitu chochote kilichoning'inia au kuegemezwa. Alitufikia Jumamosi asubuhi, msuli na fulana, penseli sikioni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako asiniulize kitu mpaka nimalize."

Akakaza msuli, akapiga magoti mlangoni pa uani, akaanza kutambaa. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anatambaa kwenye mchanga huku kuku wanampisha. Mama alikuwa anakuna nazi. Alinyanyuka kwenye mbuzi, kifuu mkononi.

"Kaka, umepoteza nini?"

"Sijapoteza. Natazama."

"Watu watakuona."

"Waje nao watazame."

Nilicheka, sikatai. Lakini kicheko kilinikata alipoifikia ile mbuzi Mama aliyoiacha wazi. Chuma chake kilikuwa bado kina chembe nyeupe za nazi, na yale meno yalikuwa usawa wa jicho lake. Alibaki pale muda, anaitazama, wala hakuigusa. Sisi tuliosimama tulikuwa tukiiona mbuzi kila siku ya Mungu, na kwetu ilikuwa kigoda. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka kila mara, na hachagui pa kuangukia. Mjomba akamwambia fundi apige msumari ukutani juu, na kuanzia siku ile mbuzi ya nyumba yetu ikishakuna hukunjwa ikatundikwa.

Hivyo ndivyo alivyouzunguka ua wote. Nyuma ya jiko alikuta majivu ya jana usiku, yamekuwa meupe, ungedhani yamekufa kabisa. Akachokonoa kwa kijiti, chini kukatoka wekundu. Akaagiza debe lenye mfuniko, na majivu yamwagiwe maji kwanza. Kwenye ukingo wa chini wa banda la kuku bati lilikuwa limepinda nje, kali, kimo cha shavu la mtoto. Sisi lilikuwa linatupiga miguuni, tumeshazoea kulikwepa. Mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya soda, yamewekwa chini kabisa, karibu na kuni. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Kila mtu mtaani anajua "dawa" ya mtoto aliyekunywa mafuta ya taa: mpe maziwa, mtie kidole atapike. Kumtapisha ndiko kubaya hasa, kwa sababu mafuta yale yanatisha zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika kunaweza kuyapeleka hukohuko. Mtoto wa namna hiyo hukimbizwa hospitali. Mafuta yakahamia kwenye dumu, dumu likapanda darini.

Kwenye minyaa walipatana nusu kwa nusu. Mjomba alitaka ing'olewe, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni moto mtupu, na mtu anaweza kupoteza nuru kwa siku kadhaa, pengine jicho likapata kidonda. Mama akasema minyaa ndiyo inayozuia mbuzi wa jirani, wale wenye miguu. Ukawekwa wavu wa kuku mbele yake, yakaisha. Mkwezi naye aliitwa, akaangua nazi zote pamoja na makuti makavu.

Kikabaki kisima.

Ukingo wake ulikuwa unanifika magotini. Juu kulikuwa na kipande cha bati na jiwe, na pembeni ndoo imefudikizwa, kama inavyofudikizwa kila siku ili ikauke. Mjomba aliketi kitako mchangani, akaipiga ndoo kofi.

"Hii ndiyo ngazi," alisema. "Na hapa ndipo inapopelekea."

Mama hakupenda. "Kaka, nimelea sita kwenye ua huu. Nani aliingia kisimani?"

"Hakuna."

"Basi?"

Mjomba akaanza kuhesabu kwa vidole. Marehemu bibi, alikuwa anashinda pale mlangoni juu ya kitanda cha kamba, haondoki ila kwa swala. Shangazi wawili waliokuwa hawajaolewa. Wapangaji wa chumba cha mwisho, mke na mdogo wake. Binti aliyekuwa akisaidia kazi. Mama wa jirani, ambaye mlango wake ulikuwa haufungwi. "Hao ndio walikuwa mfuniko wa kisima," alisema. "Sasa uko wewe na hilo goti lako. Ukienda kugeuza samaki, nani anatazama?"

Mama hakumjibu. Aliingia jikoni, tukasikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu.

Nimeyafikiria sana maneno yale. Huwa tunasema zamani watoto walikuwa wakicheza ovyo na hakuna aliyeumia, na kwanza si kweli, kila mtaa una habari zake za misiba. Lakini hata pale ilipokuwa kweli, ua haukuwa salama zaidi. Ulikuwa na watu. Mwaka uliofuata, Novemba 2014, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza ya dunia kuhusu watu kufa maji, na nilipoisoma nilimkumbuka Mjomba ukurasa baada ya ukurasa: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye kina kidogo mno cha maji, zuieni njia ya kufikia maji, funikeni visima. Ikaongeza jambo jingine, kuwe na mahali pa kutunzia watoto wadogo wakati wakubwa wana kazi. Vijijini Bangladesh wamefanya hivyo kwa miaka, mlezi mmoja anakaa na watoto wa mtaa kuanzia asubuhi hadi mchana, saa zilezile ambazo akina mama wamezidiwa na shughuli. Yaani wanajaribu kumrudisha bibi kwenye kitanda chake cha kamba.

Fundi mwashi aliupandisha ukingo kwa tofali mpaka usawa wa kiuno changu, halafu akapiga lipu laini upande wa nje pasiwe na pa kukanyagia. Fundi wa kuchomelea akaleta mfuniko wa nondo zilizopishana. Mjomba alipima matundu kwa ngumi yake: ngumi ipite kwa shida, kichwa kisipite kabisa. Mafundi wa ngazi na vibaraza hutumia kipimo cha sentimita 10 kwa sababu hiyohiyo, ila yeye hakuhitaji futi. Bawaba upande mmoja, kufuli upande wa pili. Ufunguo Mama akaufunga kwenye pindo la kanga, shingo upande.

Kufuli lile halikumaliza hata siku mbili.

Jumapili alfajiri mtu alikuja kuchota, akakuta chuma. Hakugonga. Alirudi kwake na ndoo tupu, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umepata habari kwamba tumefunga kisima. Kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi ukasamehewa. Maji hayanyimwi. Mchana akaja mama wa jirani, yuleyule wa mlango usiofungwa, sasa mtu mzima sana, akasimama pale nyuma bila kuingia. Kutoingia kwake ndiko kulikouma.

"Dada, tumekosana nini?"

Mama alimgeukia Mjomba kwa macho ambayo sijawahi kuyasahau. Mjomba akaeleza habari ya pacha. Yule mama akasikiliza, akakitazama kisima, akashika nondo akazitikisa. Akasema mfuniko ni mzuri, hata yeye angeutaka. "Ila kufuli, shemeji, kufuli ni tusi."

Kwa maoni yangu alikuwa na haki, na si kwa adabu tu. Kisima kile kilikuwa kinawaleta watu uani saa zote, na kila aliyekuja kuchota alikuwa jozi nyingine ya macho. Kufuli lingewafukuza haohao tuliokuwa tunawahitaji.

Jioni ileile fundi aliitwa tena. Kufuli likatolewa, mahali pake pakawekwa komeo zito, upande wa ukutani, ambako mtu mzima hufika kwa kuinama juu ya mfuniko, na mtoto hafiki hata apande nini. Sharti likawa moja: anayechota arudishe komeo, na ndoo itundikwe. Mama, aliyekuwa hataki hata mfuniko wenyewe, akawa ndiye askari. Mtu akimaliza tu kuchota, sauti inatoka jikoni: "Komeo!"

Pacha waliingia na basi la usiku, wakaamka asubuhi wakafunguliwa mlango wa uani. Doto alifuata kuku. Kulwa alikwenda moja kwa moja kisimani, akaupapasa ukuta, akainua mguu, ukateleza. Akainua wa pili, nao ukateleza. Akakaa chini akalia kwa hasira.

Dada yangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akatazama pande zote: mbuzi ukutani, debe la majivu, wavu mbele ya minyaa, nondo juu ya kisima. Akauliza nani kafikiria yote haya.

"Mimi," alisema Mama. "Mjomba wako alileta nondo tu."