Usiku nilioitwa punda

Msimu wa kaskazi Malindi hujaa Wataliano, na mwaka ule mmoja wao, mzee mwenye nyumba ya makuti upande wa Casuarina, alikuwa akiandaa poka kila Alhamisi barazani kwake. Mashindano hasa, si mchezo wa kuchomoa noti mfukoni: unatoa shilingi 2,000, unapewa chipu, zikikuisha unainuka. Mimi nilikuwa mapokezi katika hoteli moja, Kitaliano nimekiokota palepale kaunta. Kwetu Lamu, mama alijua nachelewa kazini. Sikumdanganya, ila sikumwambia pia. Kamari ni kamari, sina maneno ya kuipamba.

Tulianza watu kumi na wanane. Kufika saa sita usiku tulibaki wanne, na zawadi ni tatu. Hapo ndipo poka inapogeuka mchezo mwingine. Kijana mmoja wa Watamu alikuwa na chipu 5,000 tu, na blaindi kubwa, dau la lazima linalozunguka mezani kabla ya karata kugawiwa, ilikuwa 1,000. Kila mtu mezani alikuwa akimsubiri afe yeye kwanza. Hakuna aliyetaka kumtangulia kaburini.

Mzee akapandisha hadi 2,500. Mimi nilikuwa kwenye blaindi kubwa, nikaongeza 1,500 nione. Mkononi nina ghulamu na nane, zote kopa. (Majina hayo ya karata, kopa, uru, shupaza, pau, tumeachiwa na Mreno, na mzee hakuhitaji kutafsiriwa kopa: karata za kwao zina coppe.) Zikafunuliwa mezani tatu za kutumiwa na wote: saba ya uru, sita ya kopa, nne ya pau.

Desturi ni kwamba aliyepandisha ndiye anayesubiriwa. Wewe unagonga meza, yaani unapita bila kuweka kitu, yeye anaweka dau, kisha unaamua. Ukimwahi, wachezaji wa Kiingereza dau lako wanaliita la punda, kwa kuwa ni wajinga ndio waliozoea kufanya hivyo. Nami nikasukuma 2,200.

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Asino," akasema, kisha kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe punda leo, kijana?"

Mtu wa Lamu humwambii punda ni mjinga. Nimekua nikijibana ukutani vichochoroni kupisha punda wa mchanga na mawe. Punda akiamua kusimama, msafara mzima umesimama, na anayebaki kujikuna kichwa ni mwenye fimbo.

Tena dau lile halikuwa la kukurupuka. Mezani palikuwa na 6,500, pamoja na chipu za lazima zilizowekwa kabla ya karata kugawiwa. Kwa 2,200 nilihitaji atupe karata mara moja tu katika nne, nisipate hasara. Na saba, sita, nne si karata za mtu aliyepandisha. Yeye ana ree, mfalme, bibi. Mimi niliyeingia kwa bei ya chini ndiye mwenye nane-tano, saba-sita, nne mbili na takataka kama hizo. Pangefunuka ree pale, ningegonga meza nikanyamaza. Kumsubiri aweke dau halafu nimpandishie kungenigharimu mara tatu au nne zaidi, na nilibakiwa na 24,000. Na kama angefuata, yaani kulipa dau langu, tano ingenipa mfululizo kamili, nne hadi nane. Tano ziko nne, kwa hiyo kwa karata inayofuata ni kama bahati moja katika kumi na mbili. Kidogo, lakini si bure.

Akafuata. Nilihisi jasho likishuka mgongoni.

Karata ya nne: tatu ya shupaza. Sasa yeyote mwenye tano moja mkononi ana mfululizo, tatu hadi saba, ameshamaliza kazi. Mimi sikuwa nayo. Mezani 10,900. Nikahesabu 6,500 polepole, nikijua kuwa mkono ukitetemeka nimekwisha.

Ndipo stima ikapotea. Panga boi likapunguza mwendo, likalia mara mbili, likasimama. Mtu akawasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye glasi ya maji, na kivuli cha mkono wa mzee kikatanda ukutani. Alikuwa na pete nzito kidoleni, akaanza kuigonga kwenye chipu zake: tik, tik, tik. Nje mnazi unachakarika. Nikajilazimisha kutazama ile tatu ya shupaza, nisimtazame yeye wala kijana wa Watamu, ambaye alikuwa amefumba macho kabisa, nadhani akiomba mmoja wetu ammalize mwenzake.

Pete ikanyamaza. Mzee akageuza karata zake zote mbili juu, chini ya mwanga wa simu: kumi na kumi.

"Una tano," akasema, akazitupa.

Kumi mbili! Zilikuwa zikinishinda tangu mwanzo. Pengine mchana kweupe, meza ikiwa na watu tisa na kijana wa Watamu akiwa na chipu kama zetu, asingezitupa kamwe. Watu wengi hukazania hesabu ya dau wakasahau kwamba nusu ya kazi siku ile ilifanywa na zile chipu 5,000 za mtu mwingine. Nilizirudisha zangu kifudifudi kwa mgawaji, nikavuta chipu kwa mikono miwili, na hapo ndipo vidole viliponitetemeka.

Kijana alitoka baada ya mizunguko miwili. Mimi nilimaliza wa tatu, mzee akashinda yote; kwa hiyo msidhani nilimfunza mtu poka. Sehemu yangu nililipia kodi ya chumba. Lamu sikupeleka hata senti.

Tukiwa tunavaa viatu barazani, jenereta ya jirani ikinguruma, alinishika bega. "Ulikuwa nayo tano, kijana?"

"Nilikuwa nayo, mzee."

Anapita kaunta kwangu mara mojamoja mpaka leo, kuchukua wageni wake. Hasemi kitu, ananiinulia vidole vitano tu, na mimi naitikia kwa kichwa.