Kufufua Subaru Impreza ya Zamani Uingereza: Bati Kwanza, Nguvu Baadaye

Wakenya wa rika langu tuliofuatilia Safari Rally katika miaka ya 1990 tuliijua Subaru Impreza kabla hatujajua mengi mengine kuhusu magari. Colin McRae alishinda mashindano hayo kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilohilo mwaka 2000, na Patrick Njiru, mwenzetu, alikuwa amekwisha kuifanya Subaru itajwe katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na gari lolote. Nilipohamia Uingereza niligundua kwamba magari yale ya rali yalikuwa yakiundwa hapa na kampuni ya Prodrive mjini Banbury, na kwamba Impreza za turbo za kizazi cha kwanza, kile kilichotengenezwa kati ya mwaka 1992 na 2000, bado zinauzwa na wamiliki wa kawaida kwa watu wa kawaida. Nilinunua moja, na tangu hapo nimekuwa nikiifanyia kazi nyumbani kwa mikono yangu. Wengi wenzangu huku ughaibuni huniuliza waanzie wapi, na jibu langu halibadiliki: anza na bati, yaani bodi ya gari, kisha breki, kisha afya ya injini, na nguvu za ziada ziwe za mwisho kabisa.

Kwa nini mtu aifanye kazi hii mwenyewe? Nyumbani tumezoea kulipeleka gari kwa fundi wa jua kali, mkaelewana bei, ukakaa kwenye benchi ukimwangalia akiokoa kifaa ambacho kwingine kingetupwa. Huku, ufundi wa namna hiyo hulipwa kwa saa, na gari la zamani lenye kutu hula saa nyingi kuliko mtu anavyoweza kukisia. Ukilikabidhi lote gereji, gharama yake huweza kuipita thamani ya gari lenyewe kabla hata injini haijaguswa. Kwa hiyo mhamiaji mwenye mshahara wa kawaida ana njia mbili: aachane na ndoto yake, au ajifunze ufundi. Vipo vyuo vinavyofundisha kuchomelea vyuma kwa madarasa ya jioni, na kwa maoni yangu ada ya darasa kama hilo ndiyo fedha yenye faida kubwa kuliko zote utakazotumia katika mradi huu.

Jambo la kwanza ambalo mtu wa Afrika Mashariki hana budi kulielewa ni kwamba gari la Uingereza huzeeka kwa njia tofauti na gari la kwetu. Kwetu barabara ndiyo inayoliua gari: bushi huisha, shokapu hulegea, lakini bodi ya gari la miaka 25 huweza kubaki imara. Huku barabara ni laini kwa kulinganisha, ila kila majira ya baridi humwagiwa chumvi ya mawe ili barafu isigande, chumvi ambayo sehemu yake kubwa huchimbwa chini ya ardhi huko Winsford, katika jimbo la Cheshire. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kwa kuwa kutu ni mchakato wa kikemikali unaotegemea mwendo huo wa umeme katika chuma, chumvi huuharakisha mno. Tope lenye chumvi hujificha ndani ya mikunjo ya bati, likaendelea kula chuma hata wakati wa kiangazi ambapo nje gari linang'aa.

Katika Impreza za kizazi hiki kutu hupenda sehemu tatu: matao ya magurudumu ya nyuma, vizingiti vilivyo chini ya milango, na mahali shokapu za nyuma zinapofungwa juu. Hapo pa mwisho ndipo pa hatari zaidi, kwa sababu uzito wa nyuma wa gari huegemea pale, na kwa ndani pamefunikwa na vitambaa na plastiki, hivyo mnunuzi asiyevifunua haoni kitu. Ninamsihi yeyote anayetaka kununua gari la aina hii ajizoeze jambo moja kabla hata ya kumpigia muuzaji simu. Tovuti ya serikali huonyesha bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka, ule uitwao MOT, kwa magari ya England, Scotland na Wales, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 2005. Ukiwa na namba ya gari tu utasoma maneno ya wakaguzi mwaka baada ya mwaka. Gari lililoandikiwa kutu ndogo miaka mitano mfululizo, kisha mwaka wa sita maneno hayo yakatoweka bila maelezo, huenda limetengenezwa vizuri, lakini pia huenda limepakwa puti, ile dawa ya kujazia matundu, na rangi nyeusi. Nenda na tochi, lala chini, na uangalie.

Kanuni za MOT zenyewe ni mwalimu mzuri. Kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 za sehemu muhimu, kama vile pale shokapu, mikono ya magurudumu au mikanda ya usalama inapofungwa, hulifelisha gari. Kiraka cha hapo sharti kichomelewe mfululizo kuzunguka ukingo wake wote. Kuchomelea nukta moja hapa na nyingine pale hakutoshi, na puti si chuma hata ikisuguliwa ikawa laini namna gani. Kwa hiyo kazi ni kukata hadi ufikie chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia, kukunja bati jipya lenye unene unaofaa, na kulichomelea polepole kwa kuhama hapa na pale ili joto lisilipinde. Kabla ya kuwasha mashine, betri ifunguliwe, vitambaa na mabomba ya petroli yaliyo karibu yaondolewe, na kizima moto kiwe mkononi pako. Baada ya hapo hufuata praima, yaani rangi ya msingi, dawa ya kuziba viungo, na mwisho nta inayopulizwa ndani ya matundu ya bodi, maana kiraka kisichopata nta kwa ndani kitaoza tena kutoka upande usiouona.

Unyevu wa nchi hii nao una sheria zake. Chuma kilichosuguliwa jioni na kuachwa wazi huweza kuwa na vumbi la kutu asubuhi, kwa kuwa hewa ya baridi yenye maji hutonesha umande juu yake. Praima hukataa kukauka ipasavyo. Nimejifunza kupanga kazi za bati kwa ajili ya miezi ya joto, na miezi ya giza nikaiachia kazi za mezani, yaani kusafisha vifaa, kufungua kalipa za breki na kubadilisha bushi.

Rangi ya mwisho siipaki mwenyewe, na sioni aibu kusema kwamba hii ni kazi ya kumwachia mwenye chumba chake maalumu. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandishi huwa na kemikali za aisosayaneti, ambazo zikivutwa zikiwa ukungu huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kawaida yenye kichujio haitoshi. Mpakaji huhitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje.

Wakati gari limefunguliwa na halitembei, mamlaka ya usajili, DVLA, huarifiwa kwamba limeondolewa barabarani. Tamko hilo huitwa SORN, na likishatolewa hulipi kodi ya barabara wala hulazimiki kuwa na bima, ila gari lazima likae kwenye eneo la binafsi. Hata kuliegesha mtaani mbele ya nyumba yako ni kosa. Mafuta machafu ya injini hayamwagwi kwenye mtaro, bali hupelekwa kwenye kituo cha taka cha halmashauri.

Breki hazihitaji maneno mengi. Mabomba ya chuma yaliyoliwa na chumvi yabadilishwe yote, na mengi ya siku hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, usioota kutu. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza uwezo wa kuhimili joto, hivyo huondolewa yote na kuwekwa mapya. Gari lenye nguvu zaidi ya farasi 200 lisipewe hata mmoja wa ziada kabla halijasimama vizuri.

Sasa injini, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Injini ya magari haya, iitwayo EJ20, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zilizolala, mbili kila upande, pistoni zake zikisukumana kuelekea nje na ndani. Muundo huo huushusha uzito chini na kulifanya gari liwe tulivu kwenye kona, na huipa pia sauti yake ya kukwaruza, ambayo hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka pande mbili za injini. Kuna kamshafti nne, yaani vyuma vinavyofungua valvu, zinazozungushwa na mkanda mmoja wa taimingi, na mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Ndiyo maana, ukinunua gari lisilo na risiti ya mkanda, unabadilisha mkanda, rola zake na pampu ya maji kwa pamoja kabla ya safari yoyote ndefu.

Kisha pima mgandamizo wa kila silinda. Namba zinazokaribiana ni habari njema kuliko namba moja kubwa. Fungua karteri, yaani chombo cha mafuta kilicho chini ya injini, ukague bomba linalofyonza mafuta, kwa sababu katika injini hizi bomba hilo hujulikana kupata ufa kwenye kiungo chake, likaanza kufyonza hewa badala ya mafuta. Beringi za konrodi, vyuma vinavyoiunga pistoni na kranki, zikikosa mafuta kwa muda mfupi tu huanza kugonga, na mlio huo ukishasikika, injini inahitaji kufunguliwa yote. Mtu anayeongeza nguvu bila kukagua haya anazijenga juu ya kitu asichokijua.

Nguvu zenyewe hupatikana kirahisi mno, na huo ndio mtego. Turbo huendeshwa na hewa chafu inayotoka kwenye injini. Ukiiruhusu isukume hewa nyingi zaidi, nguvu huongezeka papo hapo. Lakini hewa ya ziada inataka petroli ya ziada, na petroli isipotosha, joto ndani ya silinda hupanda, mchanganyiko hulipuka kwa wakati usio wake, na pistoni huvunjika au huyeyuka. Kwa hiyo mpangilio ni pampu ya petroli na sindano zake kwanza, kipozaji cha hewa, klachi, na ndipo programu ya kompyuta ya injini ipangwe upya na mtaalamu, gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kikisomwa muda wote. Hii ni kazi ya pili ninayoona inafaa kulipiwa.

Wanaonunua Impreza zilizoagizwa kutoka Japani wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Gari la huko lilipangwa kwa petroli ya okteni 100 (kipimo cha uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati wake), ilhali petroli ya kawaida ya Uingereza, ambayo tangu Septemba 2021 huwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, ni okteni 95, na ile bora huanzia 97 tu. Gari kama hilo linahitaji programu mpya hata kama hutaki kuongeza farasi hata mmoja.

Kuhusu kubadilisha na kuhifadhi, msimamo wangu ni huu: gari la kawaida libadilishwe kwa heshima, gari adimu liachwe. Impreza P1, iliyotengenezwa na Prodrive kwa ajili ya Uingereza kwa idadi ya magari 1,000, haistahili kukatwa madigadi ili kupachika rimu pana. Na kila kifaa unachokivua katika gari la kawaida kisafishe, kifunge, ukiweke.

Kila badiliko lisemwe kwa kampuni ya bima, kuanzia rimu hadi programu ya injini, kwa kuwa taarifa yenye kasoro huweza kuifanya ikatae kulipa siku ya ajali. DVLA nayo huarifiwa ukibadilisha injini au rangi. Kichujio cha katalisti kikiondolewa, gari hufeli MOT. Wanaoishi London wajue pia kwamba tangu Agosti 2023 eneo la hewa safi limeenea katika mitaa yake yote, na gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 4, kama hizi Impreza za kwanza kwa kawaida, hulipiwa pauni 12.50 kila siku linapoendeshwa.

Ndugu zangu nyumbani huniuliza lini nitaipeleka Kenya. Huwajibu kwa upole kwamba Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa, na hili limeupita umri huo zamani sana. Kwa hiyo ninalitengeneza kwa ajili ya hapa lilipo: sikulipandisha juu kama la rali, shokapu zake ni za barabara ya lami, na sehemu ya chini yote ina nta inayopakwa upya kila mwaka kabla ya magari ya chumvi kuanza kupita. Kazi inayofuata ni giaboksi ya gia tano, ambayo katika magari haya huwa dhaifu nguvu zinapoongezeka, na mpaka nitakapoifungua na kuona hali ya meno yake, shinikizo la turbo litabaki pale kiwanda kilipoliweka.