Sabufa chini ya siti, redio ile ile

Gari langu ni Toyota IST, na redio iliyokuja nayo kutoka Japani siitoi. Imekaa vizuri kwenye dashibodi, vitufe vyake navibonyeza bila kuvitazama, na wezi hawana habari nayo. Kilichonikera ni besi. Mimi ni mtu wa dansi, na wimbo wa bendi ya Sikinde usiposikika gitaa la besi, kwangu haujapigwa. Uzi mnene wa gitaa hilo hufika chini hadi hezi 41 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito). Spika za mlangoni huko hazifiki. Redio nayo, hata iandikwe wati 50 mara 4, inasukuma kweli wati 15 hadi 20 kwa kila spika.

Nikanunua sabufa, yaani spika ya besi, bapa ya inchi 8, amplifaya iko humo humo ndani, inaingia chini ya siti ya abiria. Buti linabaki la mizigo. Inapokea waya za spika moja kwa moja, kwa hiyo redio isiyo na matundu ya RCA, yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya, haina shida. Kwenye Toyota hizi, waya za spika za nyuma zipo kwenye ile plagi ya pini 6 nyuma ya redio, tukaunga hapo.

Fundi akasema, "Kaka, umeme si tuchukue hapa hapa kwenye redio? Kazi dakika chache." Hapana, fundi wangu. Waya wa redio umepimiwa redio. Sabufa ipate waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inalinda waya: siku ukichubuka pale unapopenya ukuta wa injini, ikatike fyuzi, gari lisishike moto. Ndiyo maana pale penye tundu nilitaka raba.

Waya wa hasi ndio watu wengi wanaupuuza. Tulifungua boliti ya bodi chini ya kapeti, tukapiga msasa mpaka rangi ikaisha na bati likang'aa, ndipo tukakaza. Ukifunga juu ya rangi, utasikia mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Na hizo plagi za njano chini ya siti ni za airbag. Usiziguse kabisa.

Mwisho ni kurekebisha, na hapa usikubali kuharakishwa. Kwenye sabufa nimekata sauti za juu ya hezi 80, ili sabufa isiimbe maneno ya mwimbaji. Swichi ya fezi, inayogeuza mwendo wa sabufa ili uende pamoja na spika za mlangoni, nimeijaribu huku na huku nikiwa kwenye siti ya dereva, wimbo ule ule, nikaiacha upande wenye besi nzito. Geini, kitufe cha kiasi amplifaya inavyokuza sauti, iko chini ya nusu. Sasa kinachopiga kelele ni kibao cha namba cha nyuma. Jumamosi nakiwekea sponji.