Nyota ya pili

Basi lilitushusha Uyole kabla jua halijachomoza. Ni Julai, na baridi ya Mbeya niliyokuwa nawasimulia watu kwa miaka 11 ikanipokea yenyewe. Bodaboda akanifungia begi nyuma, tukaondoka. Tulipofika Mafiati kukawa kumeanza kupambazuka, na mlima Loleza ukajitokeza pole pole, ukungu umeufunga kiunoni kama mtandio. Nilimwomba kijana apunguze mwendo. Hakuniuliza kwa nini.

Mama alikuwa mlangoni, kitenge mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile?"

Nilimjibu "ndaga" na sikuweza kuongeza neno.

Ndani ya begi nilikuwa na mambo ya kawaida ya mtu anayerudi: viatu vya wajomba, sweta za watoto, dawa ya kuchua magoti. Chini kabisa nilikuwa nimekunja bendera ya jiji la Chicago, Marekani, nilikokuwa naishi. Hiyo nilimletea mama makusudi, na nataka kueleza sababu.

Watu wa Chicago wanaipenda bendera ya jiji lao kuliko nilivyowahi kuona mahali pengine popote. Iko kwenye fulana, kwenye vikombe vya kahawa, kwenye madirisha ya vinyozi. Kuna waliojichora nyota zake mkononi kwa wino wa kudumu. Ni nyeupe, ina milia miwili ya bluu ya maji na katikati nyota nne nyekundu zenye ncha sita. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi jikoni ndiye aliyenifundisha kuisoma, kwa kidole, kama mtu anavyosoma barua. Milia mitatu myeupe ni pande tatu za jiji: kaskazini, magharibi, kusini. Mimi niliishi kusini, kwa hiyo mlia wa chini ndio uliokuwa wangu. Bluu ya juu ni Ziwa Michigan na tawi la kaskazini la mto wao, bluu ya chini ni tawi la kusini na mfereji mkubwa waliouchimba. Mwaka 1900 waliugeuza mto huo kwa mfereji, ukaacha kumwaga maji ziwani. Jambo hilo lilinishangaza kwa muda mrefu.

Aliyeibuni ni Wallace Rice, mshairi. Baraza la jiji liliipitisha Aprili 1917 ikiwa na nyota mbili tu. Rice alizipa ncha sita kwa sababu aliona nyota ya ncha tano ni ya madola na majimbo, naye alikuwa anashonea jiji. Nyota moja ilikuwa ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893. Nyingine ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo nilipomwambia mzee arudie.

Ya moto, akasema. Oktoba 1871 Chicago iliungua kwa siku tatu. Walikufa watu kama 300, na kama 100,000 wakabaki bila makazi, karibu theluthi moja ya wakazi wote. Baadaye nyota nyingine zikaongezwa, moja mwaka 1933 kwa ajili ya maonyesho mengine, na moja mwaka 1939 ya Fort Dearborn, ngome iliyotangulia jiji lenyewe. Hiyo ya ngome ikawekwa mwanzo karibu na mlingoti, ndiyo maana moto sasa ni nyota ya pili.

Sisi tulifundishwa bendera ya taifa pale mstarini shuleni: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Naiheshimu na bado nikiiona inapandishwa nasimama. Lakini hiyo inataja tulichojaliwa. Sikuwahi kufikiri kwamba bendera inaweza kutaja pia kilichokupata, na kwamba watu wataivaa kifuani kwa fahari.

Wa Mbeya wenzangu mmeshajua ninakoelekea. Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea. Mama alikuwa na meza ya vitenge pale. Nilikuwa sekondari, nakumbuka tulivyokimbia naye, nakumbuka harufu ya nguo zinazoungua, nzito, inashika kooni, na mama amesimama amekumbatia pochi yenye funguo za kufuli ambalo halikuwepo tena. Mzigo ule ulikuwa wa mkopo. Alilipa deni lote kwa kuuza viazi, debe kwa debe. Akahamia soko la Sido na wenzake, na Sido nayo ikaja kuungua. Maneno yalikuwa mengi kuhusu nani kasababisha. Chicago nao walimsingizia mwanamke maskini, Catherine O'Leary, kwamba ng'ombe wake alipiga teke taa. Baraza la jiji lilikuja kumsafisha rasmi mwaka 1997, miaka mia na zaidi mwenyewe akiwa kaburini.

Nimepita Mwanjelwa juzi. Pana soko la ghorofa, pana watu, biashara inakwenda, na nimefurahi kwa moyo wote. Ila nimezunguka nikitafuta mahali panaposema tuliungua hapa, nikakosa. Mpwa wangu ana miaka tisa, anadhani soko ni hilo tangu zamani. Na mama hajawahi kulizungumza. Miaka yote hiyo, hata kwenye simu, nikigusa tu anahamia kwenye habari za mvua.

Jioni, baada ya mbalaga na chai, nikaitandika bendera mezani. Mama hakuuliza ni ya wapi. Aliigeuza kwanza upande wa nyuma aone mshono, akaipitisha ncha baina ya vidole kama anavyopima kitenge.

"Nyota wameshonea, hawakuchapa," alisema. "Mshono mara mbili. Hii inadumu."

Nikamsomea kama nilivyosomewa. Nilipofika nyota ya pili akanizuia mkono.

"Moto wameuweka kwenye bendera?"

"Ndiyo, mama."

"Na watoto wanajua?"

"Wanafundishwa shuleni."

Alikaa kimya, kidole juu ya nyota ile, akifuata ncha zake moja moja. Kisha akamwita mpwa wangu asogee karibu na taa. Akachukua vikombe vyetu vya chai, akavipanga juu ya kitambaa cheupe, kimoja baada ya kingine.

"Hii ilikuwa njia ya kuingilia," alimwambia. "Hapa walikuwa wa mchele wa Kyela. Hapa mafundi cherehani. Huyu wa hapa alikuwa anatuchekesha kutwa nzima."

Mtoto akauliza, "Na wewe bibi, ulikuwa wapi?"

Mama akashika kikombe chake mwenyewe, akakishusha taratibu kando ya mlia wa bluu.

"Mimi hapa," alisema. "Nilikuwa na marobota manne."