Siku moja maishani mwangu: ndoo moja, hamira mbili

Saa 10 alfajiri, Tabata. Kabla ya kunawa uso nafungua friza kuukuu niliyoifunga themostati. Nyuzi 19, safi. Ndani imo ndoo ya lita 20 za bia ya shayiri, leo siku ya tatu. Kwa joto la Dar, bila friza hii hamira ingeharakisha na kuniachia bia yenye ukali wa spiriti.

Saa 11 niko Sinza, naoka mikate. Hamira ya mkate na hizi zangu za bia ni jamii moja, Saccharomyces cerevisiae, ila tabia mbalimbali.

Saa 9 alasiri nimerudi. Nachota bia kidogo, natumbukiza haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki (namba ikishuka, sukari imeliwa): 1.020, kutoka 1.050. Naonja. Harufu ya tunda ipo, lakini utamu umezidi. Hamira hii ya Kiingereza naipenda kwa harufu hiyo, ila aina niliyonayo haili maltotriosi, sukari mojawapo ya kimea. Ikimaliza sukari nyepesi, glukosi na maltosi, inalala. Hapo ndipo namhitaji wa pili, hamira ya Kimarekani isiyo na harufu kubwa, inayokula mpaka maltotriosi.

Zamani nilizitia zote siku ya kwanza, nusu kwa nusu. Tunda likafifia. Harufu hutengenezwa zaidi siku za mwanzo, hamira inapozaliana, kwa hiyo mwenye harufu namtanguliza peke yake. Wa pili simtii mkavu, maana atakuta kilevi na oksijeni hamna. Nilimwamsha jana kwenye nusu lita ya maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa. Sasa povu limefika shingoni mwa chupa. Namimina taratibu.

Mama, mzaliwa wa Moshi, ananitazama mlangoni.

"Baba, mbege yetu ya ndizi haina mambo ya pakiti."

"Kweli mama. Lakini mbege mnainywa ikiwa bado inachacha. Hii naifunga kwenye chupa."

Anakumbuka. Mwaka jana nilifunga mapema mno, hamira ya pili ikaendelea kula sukari ndani ya chupa. Nne zikapasuka usiku, vioo vikafika kwenye neti ya kitanda. Safari hii sifungi mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo.

Saa 3 usiku nachungulia tena. Mrija wa hewa uliokuwa kimya asubuhi unatoa kipovu kila baada ya sekunde kumi hivi.