Imber kwa basi namba 23A

Mwezi wa nane kuna siku moja ambayo mabasi mekundu ya ghorofa, yale ya zamani ya London, hupanga foleni stesheni ya Warminster kubeba watu kwenda Imber. Nilikimbilia juu, siti ya mbele kabisa. Siku nyingi barabara ile hufungwa, jeshi linafanya mazoezi. Vibao vya njiani vinakukataza kutoka nje ya lami: majanini bado kuna mabomu ambayo hayajalipuka.

Imber ni kitongoji cha Wiltshire, Uingereza, katikati ya uwanda wa Salisbury. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Wizara ya Vita ilikuwa imeshanunua karibu mashamba yote, na wenyeji wakabaki wapangaji. Kwangu mimi, mchezo uliishia hapo. Tarehe 1 Novemba 1943 waliitwa shuleni wakaambiwa wana siku 47 za kuhama, kwa sababu askari wa Kimarekani walihitaji pa kujifunzia kupigana kabla ya kuvuka kwenda Ulaya. Walikuwa watu kama 150. Wengi walifunga mizigo wakiamini kwamba vita vikiisha watarudi.

Albert Nash, mhunzi, alikuwa amefua chuma pale zaidi ya miaka 40. Inasimuliwa kwamba siku zile alikutwa ameinamia fuawe lake, analia kama mtoto. Hakumaliza wiki nyingi huko alikohamia. Ukiuliza alikufa na nini, watakuambia kihoro. Imber alirudishwa akiwa maiti, akazikwa.

Mwaka 1961 watu zaidi ya 2,000 waliingia na magari yao kudai kijiji. Serikali ikaunda tume, tume ikasema jeshi libaki. Walichoambulia ni kanisa kutunzwa na ibada moja kwa mwaka. (Tume! Kumbe ni zilezile kila mahali.)

Nyumba nyingi unazoziona leo si za wenyeji wale hata kidogo. Ni maboma ya matofali, hayana milango wala vioo vya madirisha, yaliyojengwa miaka ya 1970 ili askari wajifunze kupigana mitaani. Baa ya Bell Inn ipo, gofu tupu. Kanisa la Mtakatifu Giles, la karne ya 13, limezungushiwa uzio wa waya, na makaburi yamo humohumo ndani. Kanisa la Wabaptisti lilibomolewa, makaburi yake yakaachwa.

Ukienda, beba chakula na maji. Duka hakuna.