Deni la Mabao Kumi

Marehemu tuliyekuwa tukimwita Fundi alikuwa fundi cherehani hapa Mtwara mjini, lakini wengi waliomlilia mwezi Machi 2019 hawakuwahi kuvaa hata shati moja alilolishona. Walimjua kwa maandishi yake. Katika kundi letu la simu, lililokusanya mashabiki wa Simba na wa Yanga wa huku Kusini pamoja na ndugu zetu waliohamia Dar es Salaam, yeye ndiye aliyetuandikia mpira. Siku ya mechi alifunga kazi mapema, akaenda kukaa benchi la mbele la kibanda umiza kimoja, banda la kutazamia mpira kwenye runinga, cha Magomeni ya hapa Mtwara, kisha akaanza: dakika ya ngapi, mpira uko kwa nani, nani kaangushwa, nani kajiangusha mwenyewe. Aliyekuwa shambani Tandahimba, au njiani kwenda Masasi na bando lisilotosha kutazama picha, aliuona mchezo kupitia kwake.

Alikuwa Simba damu, na bado hakuficha kitu. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ilipofungwa matano na AS Vita kule Kinshasa mwezi Januari, kisha matano mengine na Al Ahly kule Misri mwanzoni mwa Februari, aliandika kila bao kwa utulivu uleule, na baada ya lile la mwisho akaongeza kwamba kesho cherehani itafunguliwa kama kawaida. Watu wa Yanga waliila sentensi hiyo wiki nzima.

Jumamosi ya tarehe 16 Machi, Vita walikuja Uwanja wa Taifa, na Simba ilihitaji ushindi, kwa kuwa sare isingetosha kuivusha kwenda robo fainali. Vita walitangulia, Mohamed Hussein akasawazisha, na mchezo ulipokuwa ukielekea ukingoni Clatous Chama akafunga la pili. Fundi aliandika jina la Chama peke yake, herufi ya mwisho ikirudiwa hadi ikajaza kioo cha simu. Hakuandika tena. Jumapili aliamka akilalamikia kifua, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki.

Mazishi yalifanyika Jumatatu, Mikindani, nyumbani kwa mjomba wake. Watu walifika kutoka Newala, Masasi na Lindi, wengine wakiwa wamesafiri usiku, na pale chini ya mwembe tukaanza kutambulishana kwa majina ya kwenye simu, mambo ambayo kwa wazee waliotusikiliza yalionekana, nadhani, kuwa ya ajabu. Ubani tulioukusanya ulikabidhiwa kwa mjomba. Mama yake, ambaye alijua kwamba mwanawe hana ndugu wala biashara Newala, alimwuliza mmoja wetu wa kutoka huko aliyekwenda kumpa pole, "Ninyi ni nani kwa mwanangu?" Kijana yule alibabaika kidogo, kisha akajibu kwamba ni wenzake wa mpira. Mama akauliza tena, "Alikuwa anacheza?"

Kabla ya jeneza kuswaliwa, mjomba alisimama, kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayedaiwa naye pia aseme. Pakawa kimya. Ndipo kutoka safu ya nyuma akanyoosha mkono mtu mzima aliyevaa kanzu, shabiki wa Yanga kutoka Newala, ambaye kwa miaka yote ya kundi lile hakupatana na Fundi hata juu ya kona. "Mimi namdai, mjomba," alisema. "Namdai mabao kumi. Matano ya Kinshasa, matano ya Misri. Asiondoke bila kulipa."

Nimewahi kuwasimulia wageni kisa hiki, nao wakaona kwamba ulikuwa utovu wa adabu. Sikubaliani nao. Huku kwetu mtani ana nafasi yake msibani, na anayeweza kumtania maiti namna ile ni yule tu aliyemfuatilia dakika kwa dakika. Mtu wa Newala alikuwa akitiririkwa na machozi alipokuwa akidai deni lake. Mjomba, ambaye si mtu wa mpira, alimgeukia jirani yake akanong'onezwa maelezo, kisha akajibu kwa sauti kwamba familia imepokea dai hilo, ila bao la Chama likatwe. Shehe aliinamisha uso, na ilimchukua muda kuanza kuswalisha.

Arobaini iliangukia siku za kimbunga Kenneth, Aprili 25, watu wa Mtwara walipotakiwa kujihadhari na kila mmoja akishughulikia paa lake. Kimbunga kilipiga upande wa Msumbiji, na hitima ikasogezwa mbele. Mtu wa Newala alikuja na mchele na sukari. Wakati huo Simba ilikuwa imekwisha kutolewa na TP Mazembe, iliyoifunga manne kwa moja kule Lubumbashi, na mechi zote mbili ni yeye, Yanga, aliyetuandikia, kwa sababu hakuna Simba aliyethubutu kukaa kwenye benchi lile. Baada ya dua alimfuata mama wa marehemu, akapiga goti, akamweleza kwa heshima kwamba deni limeongezeka, sasa ni mabao kumi na manne.

"Liandike, mwanangu," mama akamjibu. "Lakini la Chama umelikata?"